Viatu Vyangu na Karani wa Mgodi

Ndugu zangu mliobaki bwenini Kampala, leo nimeaibika msibani. Si aibu ndogo ya kujikwaa mbele ya wasichana. Nimeaibika mchana kweupe, mbele ya mjane, katekista na nusu ya kambi ya mgodi. Na barua hii naiandika nikiwa peku.

Nianze mwanzo, maana mkisikia mwisho kwanza mtasema nilikuwa nimelewa. (Sikulewa. Pombe yote iliishia kwa wachimba kaburi.)

Mnajua niko likizo kwetu Majimoto. Juzi ikaja habari kwamba baba yangu mdogo, Kalisto, ameangukiwa na mwamba shimoni, hapa kwenye mgodi wa Mpanda. Nikadandia lori la mpunga. Nilipofika jana walikuwa ndiyo kwanza wamemtoa chini. Watu wa zamu yake wanasema nguzo za kuzuia mwamba zimepunguzwa tangu bei ya madini ishuke. Wanasema kwa sauti ya chini, kwa sababu kesho wanarudi mle mle.

Marehemu ameacha mke, mama mdogo Anna, na watoto. Wanakaa nyumba ya kampuni. Mwenye kazi akifa, nyumba inarudi kwa kampuni, na mjane anatafuta pa kwenda. Shida ni kwamba nyuma ya nyumba mama mdogo amelima mahindi, nayo ndiyo kwanza yanaanza kutia punje. Akiondoka sasa, mwaka huu watoto hawana chakula. Kwa hiyo ukoo ulikaa ukaamua: mtu wa kampuni akija kutoa pole, niongee naye mimi.

"Wewe una Kiingereza," alisema binamu yangu Deus, ambaye naye ni mchimbaji.

Mama mdogo alisema kidogo tu. "Omba akubali tukae mpaka mavuno, mwanangu. Usibishane naye."

(Wananijua.)

Jana alasiri, basi, tulikaa nje na wanaume, na maongezi yakaenda yanakokwenda siku hizi. Jirani ana redio ya betri. Ilikuwa imezimwa kwa heshima ya msiba, lakini ya juma lililopita yalikuwa bado yanazunguka vichwani. Redio ilisema bei ya risasi, hiyo wanayoichimba hapa, imeanguka tena. Mmoja akauliza imeangushwa na nani. Mwingine akasema ni mashine mpya ya kutobolea mwamba, inatoa madini mengi mpaka yamekuwa kama mchanga. Deus, ambaye kadi ya chama anaitembeza ndani ya shati kama hirizi, akasema tungoje uchaguzi tu. Tukipata serikali yetu, mgodi utakuwa wetu na bei tutapanga wenyewe.

Nikamuuliza: wetu wa nani? Na huko nje tutawalazimisha vipi wanunue kwa bei yetu?

"Wewe," akasema Deus, "hata uhuru ukishuka kwenye treni utauuliza tiketi."

Wakacheka. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Badala yake nikavuta sinia la ugali, nikaanza kufundisha. Nikaumega matonge. Nikawaambia mgodi si wa yule Mzungu mnayemwona akipita na gari. Yule naye kaajiriwa. Mgodi umekatwa vipande, vinaitwa hisa, na watu wa London wananunua na kuuziana vipande hivyo bila kuwahi kujua Mpanda iko wapi. Wakiogopa, wanauza. Wakiuza, bwana mkubwa wa hapa anaambiwa apunguze matumizi. Anapunguza nguzo.

Kwenye kizingiti alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo, mnene, shuka la kaniki kiunoni. Nilimwona lakini sikumjua. Akauliza, "Hao wenye vipande ni wengi?"

"Wengi sana, mama."

"Na wanajua Kalisto amekufa?"

"Hawajui hata kama alizaliwa."

Akaliangalia sinia. Akanyoosha mkono, akachukua tonge moja, akalitia mdomoni. "Haya," akasema huku anatafuna. "Na mimi nimenunua."

Sikulitia maanani. Niliona nimefundisha vizuri.

Leo asubuhi tukaenda kuzika. Jua kali, udongo mwekundu, katekista anasoma. Jeneza likawa tayari kushushwa. Ghafla yule mama akatokea nyuma ya watu, kavaa koti kuukuu la marehemu, kichwani kajifunika nusu ya kibuyu kama kofia ya shimoni. Akajilaza juu ya mbao za kaburi, chali.

"Simamisheni kazi," akasema. "Mimi ni mwenye hisa. Nimetoka London jana usiku, bado nina usingizi. Kipande changu kimeangukia mguu wa kushoto wa huyu. Zikeni vyote, mguu huo nautaka."

Ndugu zangu, niliingiwa na uchungu. Kwanza kwa ajili ya marehemu. Pili (naona haya kusema) kwa ajili ya elimu yangu, iliyoeleweka vibaya namna ile. Nikasogea mbele, nikazungumza naye kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mwanafunzi.

"Mama, hisa haziendi hivyo. Mwenye hisa ana haki kwenye faida peke yake. Hana haki kwenye mwili wa mfanyakazi."

Kisha makaburi yote yakaangua kicheko. Katekista alifunga kitabu akageukia miti. Hata mama mdogo Anna, aliyekuwa hajainua uso tangu jana, alicheka huku machozi yanamtiririka.

Deus akanivuta shati. "Huyo ni Bibi Nyamizi, mtani wa ukoo wetu. Kazi yake ndiyo hiyo. Mpeni kuku atoke."

Akapewa kuku, akatoka, jeneza likashuka. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuweka macho. Jamani, tangu utoto nimelelewa shule za bweni za misheni, na mapadri walitukataza mambo ya watani makaburini. Nilikuwa najua kwamba yapo. Sikuwahi kuyaona. Njiani kurudi Deus hakuniacha. "Chuo kimekupa hisa, kikakunyang'anya watani," alisema, na kila tuliyempita alihadithiwa upya.

Nikaapa kimoyomoyo: sitadanganyika mara ya pili. Mtani mwingine akija, atanikuta macho.

Tumerudi nyumbani. Watu wananawa mikono, wanakaa chini ya turubai. Nimesimama karibu na mafiga. Mara naona mtu anakuja kwa hatua za kupimwa. Kaptula nyeupe ya kunyooshwa kwa pasi. Soksi hadi magotini. Tai. Kofia ngumu ya jua. Katika joto lile! Mtu mweusi kama mimi, kajitengeneza kama bwana shauri wa Kizungu kwenye picha. Sijapata kumwona, na mtu wa kampuni nilikuwa namngoja awe Mzungu wa gari. Nikajisemea: huyu naye kajitahidi, ila kazidisha soksi.

Akasimama mbele yetu, akakohoa. "Kampuni inatoa pole kwa msiba."

Watu wakaitikia kwa unyonge. (Wanajua kuigiza, nikafikiri.)

"Kampuni imearifiwa kwamba marehemu amezikwa na buti za kazi. Buti hizo ni mali ya kampuni. Zirudishwe kabla ya zamu ya jioni."

Sasa nawauliza nyie, wasomi wenzangu, mngefikiri nini? Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, nikageuka kuwatazama wengine washuhudie kwamba safari hii nimeelewa. Hawakucheka. Nikadhani wanajizuia.

Nikamuuliza, "Zirudishwe zikiwa na miguu ndani, au bila miguu?"

Akafikiri. Naapa, alifikiri. "Bila miguu," akajibu.

Hakuna mtani aliyewahi kujibu vizuri kuliko pale. Nikasema moyoni, huyu anastahili kikomboleo chake, tena kikubwa kuliko kuku. Nikainama, nikavua viatu vyangu vyeusi, vile mlivyokuwa mnaviazima kwenda dansi. Nikafunga kamba zake pamoja nikamvika shingoni kama shada.

Akakakamaa. "Na kuhusu nyumba," akaanza, "bwana mkubwa amesema..."

"Bwana mkubwa," nikamkatiza, "ana vumbi usoni." Nikachota majivu kwenye mafiga kwa mikono miwili, nikampaka kuanzia paji la uso hadi kwenye tai.

Nikangoja kicheko. Nilichosikia ni sauti ya Bibi Nyamizi nyuma yangu, na sauti ile haikuwa na utani hata kidogo.

"Mwanangu," akasema, "huyo si wetu."

Alikuwa karani wa mgodi. Kaletwa na treni mwezi huu kutoka pwani, kambi nzima inamjua. Mimi peke yangu, mtu wa lori la mpunga, sikumjua.

Nilianza kuomba radhi kwa Kiswahili, nikahamia Kiingereza, nikarudi Kiswahili. Niliinua kofia yake iliyoanguka, nikaipangusa kwa mkono uliojaa majivu. (Ikawa mbaya zaidi.) Yeye hakupaza sauti. Alitoa leso, akafuta macho, akamgeukia mama mdogo Anna.

"Nilitumwa kukuambia ukae mpaka mavuno," akasema. "Nilimwomba bwana mkubwa mwenyewe. Sasa nitakwenda nikiwa hivi, na ataniuliza nimepokelewaje."

Mama mdogo akapiga magoti. Deus naye. Mimi nilikuwa nimeshapiga zamani. Karani alitutazama kama mtu ambaye angependa kusamehe lakini anafikiria safari ya kupita kambini akiwa na uso ule. Akaondoka. Viatu vyangu vilikuwa bado vinaning'inia shingoni mwake. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Alasiri akaja askari wa lindo. Alisimama mbali na mafiga, akasema ana maneno mawili. La kwanza: nyumba iwe tupu kesho, kabla ya zamu ya asubuhi kuingia shimoni. La pili: kuhusu buti, jozi imepokelewa stoo na kampuni imeridhika.

Mama mdogo hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alisema tu, "Basi Kalisto hatafukuliwa," akaenda kutafuta gunia.

Bibi Nyamizi alikuja kukaa karibu yangu. Aliniambia ameingia makaburi mengi, amewatania wazee na watemi, ila kumpaka majivu karani wa kampuni hajawahi hata kuota. Kisha akauliza kama wale watu wa London, kwa jinsi nilivyosoma, wataambiwa habari hii. Nikasema hapana. Akasema heri, angalau huko sitachekwa.

Sasa hivi nimekaa juu ya kitanda kilichotolewa nje. Jua linazama. Nyuma ya nyumba Deus na mama mdogo wanavunja mahindi. Punje bado ni maji matupu, ukiminya kwa kidole yanatoka maziwa. Nilitaka kuwasaidia, wakaniambia nikae. Kesho tunaomba lori turudi wote Majimoto, na sijui nitamwambia nini mama yangu tukishuka watu wote hawa na magunia ya mahindi mabichi.

Mkitaka kucheka, ngojeni kwanza mama mdogo apate pa kulala. Halafu mnicheke mimi, mtu wa kwanza wa ukoo wetu kuwa na kipande katika mgodi wa Mpanda: jozi moja nyeusi, kisigino cha kulia kimelika.