Choo cha Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Daktari kanipa kikopo. Kwa kuwa baba alifariki kwa saratani ya utumbo, anataka choo changu kikapimwe. Nikamuuliza wanatafuta nini humo. Kasema kuna vinasaba vinavyouzuia utumbo usiote uvimbe. Umri, moshi na pombe huweza kuvibandika alama za kemikali ziitwazo methili, vikanyamaza. "Mlinzi yupo," kasema, "ila amefungiwa chumbani." Alama hizo huonekana kwenye choo. Nikacheka. Sitaki kujua!

Jumanne, 5 Machi
Wazo! Kaka wa mke wangu, mwalimu wa michezo. Hanywi, havuti, anakimbia kila alfajiri, na akija hapa hukisalimia kitambi changu kabla yangu. Nimemwambia hospitali inatafuta choo cha mtu mwenye afya ya kupigiwa mfano. Kavimba kichwa papo hapo. Kikopo kimerudi kimejaa hadi shingoni. Nimekipeleka kwa jina langu.

Ijumaa, 15 Machi
Daktari kaniita. Alama zimeonekana! Lazima utumbo uingizwe kamera. Nikaanza kuwaza wosia. Kisha nikakumbuka. Si changu! Nikatoka napiga mluzi. Kufika kituo cha basi, mluzi ukakatika. Ni cha shemeji.

Jumamosi, 16 Machi
Usingizi hakuna. Nikisema, nimeumbuka. Nikinyamaza, watoto wa shemeji watabaki bila baba. Nimejaribu njia ya kati: nimemshauri shemeji, kindugu tu, akapimwe. Kanijibu nihangaike na kitambi changu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema anayeficha maradhi ya shemeji yake hufanywa nini.

Jumapili, 17 Machi
Nimekiri, mezani, mbele ya wote wawili. Mke aliondoa sahani yangu kabla sijamaliza kula, na tangu hapo hanisemeshi. Shemeji aliweka kikombe chini taratibu.
"Yaani ungeniacha nife kwa woga wako?"
Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumatano, 27 Machi
Shemeji kapimwa. Kimekutwa kinyama kimoja kilichoota utumboni, hakijawa saratani. Kimekatwa. Kwingine kote safi. Nimelia koridoni, kweli, hadi muuguzi akaniletea karatasi za kujifutia. Shemeji kanikumbatia, kasema amenisamehe. Mke ananisemesha tena, kwa kifupi.

Daktari hakunikumbatia. Kanipa kikopo kipya. Safari hii choo changu mwenyewe, kasisitiza.

Nimekiweka juu ya kabati. Tangu hapo nimekwenda msalani mara tatu. Je, baba naye alianza hivi? Hapana, nitulie, nifikiri. Utumbo wa shemeji sasa umekaguliwa kona zote na una barua ya daktari. Mtaa mzima hakuna choo cha kuaminika kuliko chake. Na moyo wake bado laini. Kesho alfajiri, kabla hajatoka kukimbia, nitamwomba kidogo tu.