Bahari Ndiyo Iliyovunja Sheria, Si Jiko Langu

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Vibali vya Ujenzi,
ambaye pia ni mtoto wa marehemu mdogo wangu.

Kwanza teremsha miguu mezani. Najua iko huko, maana una tabia hiyo tangu ulipokuwa ukila kwangu, na cheo hakijakuponya. Barua ya mama yako mkubwa haisomwi kwa nyayo. Umeniaibisha mtaa mzima unaona, na nakuandikia rasmi ili siku moja usije ukasema hukuambiwa.

Ulimtuma mpaka rangi wako, yule mwenye kitambi, aje na kopo la rangi nyekundu. Aliomba maji ya kunywa, nikampa. Akashukuru vizuri, akapangusa mdomo, kisha akachora alama ya X kwenye ukuta wa jiko langu, na chini yake akaandika BOMOA. Alipomaliza akarudi nyuma kuitazama kazi yake, akaniambia, “Ukuta wako mzuri, mama, unapokea rangi.” Nikamwambia asante. Nilikuwa bado sijavaa miwani.

Nilipovaa nikasoma na karatasi aliyoniachia. Inasema nyumba yangu iko katika eneo linaloliwa na bahari, kwamba ombi langu la kuongeza ghorofa limekataliwa, na kwamba nitapewa kiwanja nyuma ya soko, kwa sababu “faida na hasara zimepimwa.” Mimi niliishia darasa la nne, lakini mizani naijua. Mizani ina mtu anayeishika. Nataka kujua huyo mtu ni nani na alikuwa amekaa upande gani. Malalamiko yangu ni haya.

1. Umemshitaki asiye na kosa. Marehemu mume wangu alipojenga, ofisi hiyo hiyo unayoikalia ilikuja na kamba, ikapima toka maji yalipo mpaka msingi ulipo, ikaridhika, ikagonga muhuri. Tangu siku hiyo nyumba haijasogea. Nimelala humo muda wote, ingesogea ningejua. Aliyesogea ni bahari. Imekuja bila ramani, bila kibali, bila hata kubisha hodi kwa majirani. Sasa mtu mwenye akili zake akikuta mmoja amekaa kwake na mwingine amemvamia, X anampaka nani? Kapake baharini. Kama rangi haishiki majini, hilo ni tatizo la ofisi. Wewe ndiye tuliyekusomesha.

2. Umetukana ukuta wetu. Karatasi yako inasema ukuta wa kuzuia mawimbi tulioujenga mbele ya nyumba “umechangia tatizo.” Ukuta ule kaujenga mkwe wangu, fundi mwashi ambaye hajawahi kuitwa arudie kazi kwa kosa. Matofali aliyafyatua mwenyewe, na mchanga tuliuchota pale pale mbele, hatukuhitaji hata lori. Nilimweleza hayo mhandisi wako, yule anayevaa mabuti ya mpira na kusimama pakavu. Nilidhani atatusifu kwa kubana matumizi. Akatikisa kichwa akasema, “Mama, mmeng’oa mlango mkatengenezea kufuli.” Anajiona mchekeshaji. Mimi namjibu hapa kwa maandishi: sisi tulichota mchanga wa ukuta mmoja. Bahari imechota ufukwe mzima na haijajenga nao hata banda la kuku. Nani mharibifu?

3. Umemwacha jirani yangu, mzee aliyestaafu kiwanda cha sabuni, ambaye mtaani tunamwita Bwana Povu. Ukuta wetu ulipokamilika, mawimbi yaliugonga, yakageuka, yakaenda kula bustani yake. Akaja kwangu amenuna. Nikamwambia kwa upole ajenge na yeye. Akajenga, tena mrefu kuliko wangu, kwa sababu ni mtu wa kijicho. Sasa yanagonga kwake yanarudi kwangu. Naomba ukuta wake ubomolewe na wangu uachwe. Nafahamu na yeye amekuandikia kuomba wangu ubomolewe na wake uachwe. Nafahamu kwa sababu kalamu aliazima kwangu. Usikilize ombi langu, kwa kuwa mimi ndimi mwenye kalamu.

4. Umeipa kibali ile hoteli ya vioo. Hii ndiyo inayonichefua. Mimi nyumba yangu imekaa kando ya bahari. Hoteli ile imetumbukiza miguu kabisa, kama mtu anayeosha soksi. Nilipokuuliza msibani, mbele za watu, ulinong’ona kwamba wao wana mawe makubwa na mtaalamu wa mazingira. Kumbe bahari ikifika pale inamkuta mtaalamu, inamwamkia, inarudi. Basi na mimi nitaweka mapokezi. Binti yangu wa mwisho atasimama hapo na skafu shingoni, bahari ikija aiulize kama imeweka nafasi.

Na kuhusu ghorofa, mlinikatalia bila kufikiri. Nyinyi mnasema chini kutaingia maji. Sawa, ndiyo maana naomba juu. Wageni wetu wa kulipa watalala juu. Maji yakifika juu, tutaongeza ya pili. Sijaona mahali hesabu hii inapogomea, isipokuwa kwenye ofisi yako.

5. Umepima maji tu, watu hukuwapima. Hapa naomba usome polepole. Vyumba vyetu vya wageni ndivyo vinavyomlisha binti yangu mkubwa tangu mumewe, si yule mwashi, alipoondoka na simu yake na sauti yake tamu. Wanakuja walimu wakati wa likizo, wanakuja maharusi wasio na uwezo wa hoteli, wanakuja watu wa bara ambao hawajawahi kuona maji yasiyo na ng’ambo. Wote wanataka kitu kimoja: kufungua dirisha asubuhi na kuyaona. Nyuma ya soko wakifungua dirisha wataona nini? Mashine ya kusaga. Nani atasafiri na mchumba wake kwenda kusikiliza mashine ya kusaga?

Wewe mwenyewe shuka za wageni hao umezifua, tena ukilalamika. Ada yako ilitoka katika vyumba hivyo. Chumba cha pembeni ulichosomea mtihani, ukituzuia sote tusikohoe, leo unakiita “eneo hatarishi.” Hatari ilikuwa kukusomesha.

Kwa hayo, naomba mambo matatu. Mosi, X ifutwe, na aje kuifuta yule yule, anajua ilipo. Pili, nipewe kibali cha ghorofa. Tatu, bahari iandikiwe notisi yenye muhuri, ipewe muda wa kutosha kurudi ilipokuwa enzi za mume wangu, na irudi na mchanga wetu wote. Ikikaidi, ipelekwe mahakamani. Mimi nitakuja kutoa ushahidi, na nitavaa miwani.

Msalimie mkeo, mwambie lile sufuria langu kubwa nimeshalisamehe. Wasalimie watoto, na huyo wa mwisho aache kunyonya kidole, meno yatatoka kama yako. Msalimie katibu muhtasi wako anayepokea simu kama anafukuza kuku. Mhandisi wa mabuti umfikishie salamu kavu, ndizo anazozipenda.

Ni mimi mama yako mkubwa, mwenye nyumba, ambaye sina mpango wa kuacha kuwa mwenye nyumba.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado haijafungwa. Asubuhi ya leo nilimtuma binti yangu kwanza anitafutie bahasha, ndipo aende kuwasha moto. Akaizunguka nyumba nzima akiitafuta, na mwanawe nyuma yake akililia chai, kwa sababu mtoto huyo hukaa jikoni akinywa chai yake kila siku kabla ya shule, amejiegemeza kwenye ukuta. Bahasha ilipopatikana, akafungua mlango wa jiko na sufuria mkononi. Akaniita. Sauti aliyoniita nayo sijawahi kuisikia kwake hata siku mumewe alipoondoka. Jiko halipo. Limekwenda lote, ukuta na rangi yake, na chini yake ni maji yanayozunguka taratibu kama yanatafuta kitu kingine. Bwana Povu alikuja mbio, akatushika mikono sote, akatuvuta nyuma mbali na maji.

Sijasema ulikuwa sahihi. Nasema mtoto alikuwa anasubiri bahasha. Juu huko nilipopima faida na hasara, hilo sikuliweka kwenye mizani.

Basi nisikilize. Lori lije leo, si kesho, na lipitie nyuma. Vitanda vitangulie, halafu milango, halafu mabati. Bwana Povu naye apakiwe. Atakataa, mpakieni kiti chake kwanza, atakifuata. Kile kiwanja nakichukua, ila upande wa mbali na mashine, na hilo utalishughulikia wewe mwenyewe kwa miguu yako. Ukimaliza huko, nenda kwenye ile hoteli uwaambie wenye watoto wasilale vyumba vya mbele, na uwaambie ukiwa umesimama wima, bila kunong’ona. Na hapa tukishaondoka, usimpe mtu yeyote kibali cha kujenga, hata akiwa mama yako mkubwa, hata akikuandikia barua ndefu kama hii.