Ombi la Kumrudisha Mume Wangu kwenye Msumeno

Kwa Bwana Misitu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na miti yako, maana siku hizi nimezoea kuulizia hali ya miti kabla ya hali ya watu. Mimi ni fundi cherehani, mke wa mlinzi wenu wa msitu, yule aliyeitwa Radi zamani alipokuwa akiangusha miti kwa msumeno wa injini. Naomba kwa unyenyekevu mumfukuze kazi. Sababu zangu ni hizi:

1. Wataalamu wenu walimfundisha kupima unene wa miti ili ijulikane imeshika hewa ukaa kiasi gani. Hamkumpa futi, akachukua yangu. Ikabidi nipime wateja kwa macho, na mwalimu mkuu akapokea suruali inayomtosha mwanawe. Mara jirani akaja kuninong'oneza kuwa mume wangu ameonekana msituni amekumbatia kitu kinene. Nilijifunga kibwebwe nikaenda. Kilikuwa mvule. Nilikuwa tayari kwa vita, Bwana, lakini mvule utaushika nywele zipi?

2. Nyumbani amejenga jiko la udongo linalokula vijiti vichache tu, navyo viwe vikavu vya kuokota. Mama yake mzazi alipotuletea mzigo wa kuni mbichi, mume wangu alimwuliza kibali. Mama mkwe aliniangalia mimi, kana kwamba ndimi niliyemzaa.

3. Binti yetu ameolewa bila kitanda. Kaka yangu, seremala, alikata mti kwa ajili hiyo. Mume wangu akamkamata shemeji yake mwenyewe na kumfikisha mbele ya kamati ya msitu. Nilipomlilia alisema, "Mama watoto, zamu ya kuvuna ni mwakani. Msitu hauharakishwi na harusi ya mtu." Maharusi wanalala chini. Mkwe wetu, kijana mwenye adabu, akiulizwa husema mgongo haujambo. Kaka aliamriwa kupanda miche pale alipokata na kuitunza. Nilidhani atabaki upande wangu, kumbe sasa anaiamkia kila asubuhi, na juzi alimtupia mbuzi wangu mawe kwa sababu ya jani moja.

4. Hili ndilo zito. Chemchemi iliyokauka enzi za misumeno imerudi, tena karibu na mlango wangu. Zamani tulifuata maji mbali, tukarudi jua limeinama, na hakuna mume aliyethubutu kuuliza tumechelewa wapi. Sasa ndoo hujaa kabla sijasikia hata nusu ya habari ya mtu. Wanawake wenzangu wamenituma niliseme hili kwa niaba yao, ila wamekataa kutia sahihi.

Kwa hiyo Radi arudishiwe msumeno wake, au ahamishiwe mahali pasipo na mti hata mmoja.

Nisalimie karani, dereva, na yule mtaalamu aliyesahau kofia kwetu. Mwambie asihangaike kuitafuta, mume wangu anaivaa.

Ni mimi ninayelalamika kwa heshima,
Mke wa Mlinzi

Tanbihi: Nilipokuwa nakunja barua hii nilisikia msumeno ukinguruma upande wa chemchemi. Mume wangu alikuwa amelala, doria imemchosha. Nilikwenda mwenyewe na mkasi mkononi, nikakuta wanaume wawili wameshaanza kuujeruhi mti. Sikumbuki niliwaambia nini, ila walikimbia wakaacha msumeno. Uko chini ya cherehani yangu, njooni muuchukue. Jeraha nimelifunga kwa kitambaa cha suti ya mteja. Kuhusu kumfukuza mume wangu, naomba mngoje kidogo, mpaka mti upone.