Mtetezi wa Kiwango Kimoja

Silvester hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Silvester alifunguliwa mlango, akapewa kiti, akaulizwa kama chai anakunywa ya maziwa au ya rangi. Mwaka ule wa sabini na nne alikuwa ametoka kwao Mafinga na kuapa kwamba hatarudi mpaka awe na fedha za lori la mbao. Mtaji wake ulikuwa suti moja ya Kaunda na ulimi usiochoka.

Bahati aliikuta Mbeya, sokoni Mwanjelwa, dukani kwa Tadeo. Kuna mtu alisikia redioni habari za kodi, basi soko zima likageuka bunge. Tadeo alishikilia kwamba kodi ya mapato iwe ya kiwango kimoja: mwenye duka na mwenye beseni, kila mtu akatwe kumi katika kila mia, yaishe. Kwa nini anayejituma akatwe zaidi? Marta, aliyeuza viazi pale mlangoni, hakukubali.

"Wewe ukikatwa kumi kumi kwenye mia zako zote hizo, unakosa shati jipya," alimwambia Tadeo. "Mimi nikikatwa kumi kwenye mia yangu moja, watoto wanakosa mboga. Hapo usawa uko wapi, baba Eliezeri?"

Mtu mwingine angesikia hoja. Silvester alisikia watu wenye hamu ya kusikilizwa, na hamu ya namna hiyo watu huilipia. Siku ile ile akawa mjumbe wa kamati ya maoni, kamati ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwa kuwa haikuwapo. Kwa Tadeo na wenye maduka wenzake alipokea nauli ya kwenda Dar es Salaam kutetea kiwango kimoja. Kwa Marta na wenzake alipokea nauli ya kwenda kukipinga. Tumpe haki yake: wote aliwatoza sawasawa.

Mkoba wake wa fedha ulinenepa, lakini lori lilikuwa bado. Hapo angeridhika, hadithi hii isingekuwapo. Tamaa mbele, mauti nyuma. Akasikia habari za Limbu, mfugaji aliyehamia bonde la Usangu kutoka Shinyanga, mwenye zizi ambalo watu walilisimulia mpaka Mbeya mjini.

Alimkuta mzee mkondefu mwenye shati la viraka na makatambuga ya matairi. Silvester akamweleza kwa huzuni kubwa kwamba kodi ya kiwango kimoja inakuja mpaka kwenye mifugo, katika kila ng'ombe kumi anaondoka mmoja. Wajumbe wa kamati peke yao hawataguswa. Afadhali mzee amkabidhi kundi lote alitunze kwa jina lake mpaka mambo yatulie.

"Kwa hiyo wakija wakakuta zizi langu tupu?" aliuliza Limbu.

"Hawana cha kukata, mzee."

"Hapo nimekuelewa sana, mwanangu."

Ila kwao, Limbu alieleza, ng'ombe huwekwa kwa mtu mbele ya majirani. Anayewekewa huchunga na kunywa maziwa. Akifa mmoja, huleta ngozi ionekane. Na mgeni asiye na ukoo hapa huacha dhamana, arudishiwe siku kundi likirudi zima. Silvester akalitazama kundi, akautazama mkoba. Kundi lile lilikuwa lori na tela lake. Akautoa mkoba wote kwa mikono miwili.

Akaswaga ng'ombe kuelekea Iringa, akipiga mluzi. Alipofika Igawa, darajani, alikuta wazee wamekaa wanamsubiri. Mmoja wao, Nkuba, alimsalimu kwa heshima, kisha akashika sikio la jike lenye madoa na kuangalia alama yake.

"Huyu ni wangu," alisema. "Yule mweusi wa Shija. Ile mitamba ni mahari ya binti wa Ngolo. Limbu alikuwa anatutunzia tu."

Silvester aliuliza ng'ombe wa Limbu mwenyewe wako wapi. Wazee wakacheka. Aliwaweka kwa watu zamani, kutoka Rujewa mpaka Chunya, na idadi yao aliijua yeye na Mungu.

"Katuma habari kwamba mgongo umechoka, kapata kijana mwaminifu," Nkuba aliendelea. "Tumefurahi, ndugu. Lakini malisho yako kule nyuma. Iringa unafuata nini?"

Silvester akasema anatafuta maji. Wakamwonyesha maji, wakamsindikiza kurudi.

Angeweza kutoroka. Ila mkoba ulikuwa kwa Limbu, na mkoba ndio lori. Kwa hiyo alichunga. Suti ya Kaunda ikawa rangi ya tope, ulimi ukajifunza kuita ng'ombe, naye kila jioni alihesabu mikia kwa hofu ya baba mwenye mabinti.

Mvua zilipoanza akaja karani aitwaye Edmund, akikusanya mchango wa josho jipya la kuogeshea mifugo. Kila ng'ombe kiwango kimoja, na anayelipa ni aliye naye zizini. Silvester akaona uchungu wa kweli, pengine wa kwanza maishani mwake. Akasema hawa ni wa watu, yeye hana hata ndama, na si haki mnywa maziwa kutozwa sawa na tajiri.

"Wote huku husema ng'ombe si wao," Edmund alimjibu. "Na Mwanjelwa kuna mjumbe aliwaeleza watu vizuri sana kwamba kiwango kimoja ndiyo haki. Lakini usihangaike, umekwisha kulipiwa. Mzee Limbu ametoa dhamana yako yote."

Akautundika mkoba begani, na Silvester akautambua. Akakaa chini, palepale kwenye tope.

"Na Limbu mwenyewe," aliuliza, "katozwa kiasi gani?"

"Yule?" Karani akatikisa kichwa kwa huruma. "Yule utamtoza nini, ndugu? Mzee wa watu hana hata ng'ombe mmoja."