Shingo ya Namba Thelathini na Moja

Saluni ya Kinyozi,
Mlango wa pili baada ya duka la vioo.
Alhamisi mchana.

Kwa Mkaguzi wa Usalama,
Klabu ya Mbio za Pikipiki za Vilimani.

Ndugu Mkaguzi,

YAH: OMBI LA KUIKATAA KINGA YA SHINGO YA MPANDA PIKIPIKI NAMBA 31

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kinyozi. Kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa nikishika shingo za watu kwa idhini yao, nene na nyembamba, za wapole na za wakorofi, na sijapoteza hata moja. Nalitaja hili mapema usije ukadhani unaandikiwa na mtu anayeropoka tu. Wataalamu wa shingo katika mji huu ni wawili, wewe na mimi, na wewe unazikagua Jumamosi peke yake.

Mpanda pikipiki namba 31, ambaye ninyi huko mnamwita Kishindo, ni mke wangu wa ndoa. Siku za kazi ni fundi umeme. Ikifika Jumamosi anavaa buti za kufika magotini, anapanda pikipiki isiyo na taa wala kioo, na kuruka nayo vilima vya udongo ambavyo ninyi, watu wazima na akili zenu, mmevijenga kwa makusudi. Mwezi uliopita mlitoa tangazo kwamba asiye na kinga ya shingo iliyokubaliwa na mkaguzi hatashiriki mashindano. Nililisoma mara tatu nikamshukuru Mungu, nikajua mambo yamekwisha. Kumbe mwenzangu alikuwa ameshaagiza. Jumapili ikafika ndani ya boksi. Akaibwaga juu ya kiti changu cha kunyolea mbele ya wateja wanne, akasema, "Wewe si ndiye mtu wa shingo? Haya, ipime."

Nimeipima. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Maelekezo yake hayaeleweki. Karatasi iliyokuja nayo haina hata neno moja, ina michoro tu ya mtu asiye na uso. Katika mchoro wa tatu mtu huyo amevaa kinga na helmeti, na pembeni yake kuna mkono ulionyoosha vidole viwili. Tuliujadili mkono huo saluni nzima. Fundi viatu wa jirani alisema hiyo ni alama ya ushindi, maana yake ukishaivaa hivyo umeshashinda. Tukamkubalia, kwa sababu katika mtaa wetu yeye ndiye aliyesafiri. Basi nikaivaa mimi kwanza, maana siwezi kumvisha mke wangu kitu nisichokijua. Nikaifunga kama ninavyomfunga mteja shuka la kunyolea, ibane barabara, unywele usipenye. Nikavaa na helmeti, kama mchoro unavyodai. Halafu nikanyoosha vidole viwili na wateja wakapiga makofi.

2. Inaua kazi. Nusu ya kazi ya kinyozi ni mikono, nusu nyingine ni kutikisa kichwa. Mtu anakusimulia, wewe unatikisa, anaondoka amepungua nywele na mawazo. Nilikaa na kinga hiyo siku nne, kwa kuwa majaribio ya siku moja ni mchezo wa watoto. Jumatatu fundi saa alinisimulia ugomvi wake wote na kaka yake, tangu walipogombania baiskeli wakiwa wadogo. Sikuweza kutikisa kichwa hata kidogo. Akaondoka amenuna, akitangaza mtaani kwamba nimechukua upande wa kaka yake, mtu ambaye sijawahi kumwona. Siku hiyohiyo akaja mwalimu mkuu. Kwa kuwa sikuweza kuinama, nilimnyoa kwa kukisia. Nywele za upande wa kushoto zimeteremka hadi chini ya sikio na za kulia hazipo kabisa. Amesema atanyoa tena zikiota. Hakusema atanyoa kwa nani.

3. Inachafua jina la familia. Jumanne mama mkwe alipita kunisalimu. Mama mkwe wangu si mtu wa kuuliza mara mbili. Kusema kweli hata mara moja haulizi. Alinikuta nimebanwa shingo, nikigeuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa, akakaa kwenye benchi la wateja na kutokwa na machozi. "Vumilia, baba," akaniambia. "Mwanangu ana mkono mzito tangu utotoni. Nilidhani ndoa itamtuliza." Nilijaribu kukanusha, lakini ndani ya helmeti sauti hutoka kama ya mtu aliye kisimani, naye akaamini kwamba hata kusema siwezi. Kikao cha familia kikaitishwa. Mke wangu alikanywa saa nzima na shangazi watatu kwa kosa la kumpiga mumewe. Nawe utaniuliza, je, alijitetea? Thubutu! Aliinamisha kichwa, maana yeye aliweza, akasema hatarudia. Tangu siku hiyo wanaume wa mtaa huu wananisalimia kwa sauti ya chini, na mmoja ameniambia kwa siri kwamba hata yeye.

4. Inakaa vizuri mno. Jana mke wangu alikuja saluni, akajaribu kupenyeza vidole vyake viwili kati ya kinga na kifua changu. Havikupita. Akajaribu mgongoni, havikupita. "Ewe mwanaume," akasema, "hii ni nafasi! Vidole viwili vipite hapa mbele, na viwili huku nyuma. Ushindi gani tena?" Alicheka mpaka akajishikilia kwenye kioo. Fundi viatu akakumbuka ana kazi dukani kwake.

Basi nikamkalisha kwenye kiti na kumvisha upya, kwa taratibu. Nikabadilisha sponji za mabegani kwa zile nyembamba zilizokuja nayo, nikalegeza mkanda, nikapitisha vidole viwili mbele na viwili nyuma, nikamvalisha helmeti. Akakaa mkao wa kuendesha, mkono mmoja umeshika mashine ya kunyolea na mwingine chupa ya kunyunyizia maji, kama usukani. Nikamwambia angalia kushoto, akaangalia. Kulia, akaangalia. Juu, kama unapanda kilima, akaangalia. Nikamsukuma kichwa nyuma kwa nguvu, ukingo wa helmeti ukaegemea kinga na kichwa kikagoma kurudi nyuma zaidi ya hapo. Ndugu Mkaguzi, sisemi uongo kwenye barua rasmi: ilimkaa kama aliyezaliwa nayo. Na hilo ndilo kosa lake kubwa kuliko yote, kwa sababu sasa sina kisingizio.

5. Hili ni fupi. Miaka miwili iliyopita, kabla ya sheria yenu, alianguka. Alilala chali siku kumi na moja, kichwa kimebanwa katikati ya mito miwili, akiangalia dari. Nilimlisha kwa kijiko. Siku ya sita aliniomba nimtengeneze nywele za mbele, akasema anajiona kama kichaka. Nikamnyoa hivyohivyo amelala, na muda wote nilikuwa naona mshipa wa shingo yake unapiga, na mimi, ambaye sijawahi kuweka mkasi chini kabla ya kummaliza mteja yeyote, niliuweka chini mara tatu. Akapona, akarudi vilimani. Tangu hapo kila Jumamosi namwambia siwezi kuja kumtazama kwa sababu nina wateja. Sina. Nafunga mlango na kufagia sakafu niliyokwisha kuifagia. Naogopa, Ndugu Mkaguzi. Hayo mengine yote niliyoandika ni kweli, lakini hili ndilo linalonikosesha usingizi.

Kwa hoja hizo naomba kwa heshima na taadhima:

(a) Uikatae kinga ya namba 31 keshokutwa, kwa sababu yoyote utakayoipenda. Rangi yake, kwa mfano.

(b) Ili usionekane una upendeleo, uzikatae na za wengine wote. Kwa sheria yenu wenyewe hapo hatapanda mtu, na hapo hataanguka mtu.

(c) Endapo watu watalalamika kwamba mashindano lazima yawepo, vilima vishushwe. Sijawahi kusikia mtu amevunjwa shingo na tambarare.

(d) Endapo hata hilo litapingwa, pikipiki zisukumwe kwa mkono, injini zikiwa zimezimwa, na mshindi awe atakayefika mwisho bila kutoka jasho. Mimi nitamnyoa bure.

Naamini utalitazama jambo hili kwa jicho la huruma. Nisalimie kamati nzima, washika bendera wote, na muuguzi wa huduma ya kwanza, ambaye namwombea akose kazi maisha yake yote. Ukikutana na aliyechora ile karatasi mwambie nina maneno naye.

Ni mimi, mwenye shingo nzima hadi sasa,
Kinyozi, mume wa namba 31.

N.B. Jumapili asubuhi. Barua hii haikukufikia jana, ingawa nilikuja nayo mfukoni mwa shati. Nilipanga nikukabidhi mezani pako kabla hujamkagua. Lakini ilipofika zamu yake ulipitisha vidole viwili mbele, ukapitisha viwili nyuma, ukauliza kwa sauti, "Nani kaifunga hii?" Nikatahamaki mkono wangu uko juu kama mwanafunzi. Ukasema hujaona iliyofungwa vizuri hivyo msimu huu wote, ukaniita niwafunge na wenzake. Nikawafunga wanane. Kwa hiyo hapo juu nakuomba ukatae kazi ya mikono yangu mwenyewe, tena mara tisa.

Sikurudi saluni. Nilisimama penye uzio na fundi viatu. Kwenye kilima cha pili uliona mwenyewe: pikipiki ikaenda huku na yeye kule, kichwa kimetangulia. Mlio ule bado ninao masikioni. Akalala kwenye tope, hatingishiki, muuguzi anakimbia, na mimi nimeng'ang'ania uzio. Halafu, kabla hajafikiwa na mtu, akainua mkono na kunyoosha vidole viwili. Uwanja mzima ukashangilia ukidhani anatangaza ushindi, na fundi viatu ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Mimi nilijua anaongea na mimi. Alikuwa ananiambia nafasi ipo. Nikalia pale pale, na sioni aibu kuandika hivyo. Akainuka, akaikagua cheni, akaitukana, akapanda, akamaliza wa tisa kati ya kumi na mmoja.

Leo anayeumwa shingo ni mimi, kwa kuchungulia juu ya mabega ya watu. Mama mkwe amekwisha kupata habari na yuko njiani. Kinga imepasuka kwa nyuma, kwenye ukosi hasa. Tafadhali tusaidie kupata nyingine ya aina ileile kabla ya mashindano yajayo. Hakuna haja ya kumpima, vipimo vyake ninavyo mkononi.

Malalamiko yote yafute, isipokuwa la tano. Hilo nitakuja nalo mwenyewe kila Jumamosi. Niwekee nafasi penye uzio, hata ya vidole viwili itanitosha.