Naomba Unirudishie Kinanda Kinachochelewa

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa, Fundi wa Vifaa vya Elektroniki,

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA UCHELEWAJI WA KINANDA

Salamu nyingi. Hapa sote ni wazima, isipokuwa mimi. Nakuandikia kwa heshima zote anazostahili mtu aliyekubali nimwoe dada yake, na najua kwamba ulichonitendea Jumamosi iliyopita ulikitenda kwa nia njema. Hata hivyo nimeumia.

Utakumbuka kwamba kinanda hiki ni kazi ya mikono yako: vitufe vya kinanda kibovu, saketi uliyoichomelea kwenye meza yetu ya chakula mpaka kitambaa kikatoboka, na waya wa USB unaopeleka kila mguso kwenye kompyuta, ambayo ndiyo inayotoa sauti. Kiliimba vizuri, ila kilichelewa. Ukibonyeza, unangoja kidogo, ndipo kinaitika, kama mtoto anayeitwa akaoge. Ukaja ukanieleza kwamba saketi ilikuwa ikikusanya miguso mpaka mfuko ujae, ndipo iitume yote kwa mkupuo. Ukaipanga itume kila mguso peke yake, papo hapo. Ukaking'oa na kile kigawanyio cha USB ambacho kinanda kilichangia na feni na chaja ya simu, ukaweka waya mfupi, ukanywa chai, ukaenda zako. Hukuniuliza kama niko tayari.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Vidole vyangu vilishazoea. Miaka yote hii nimekuwa nikibonyeza kabla ya wakati ili sauti itoke pamoja na waimbaji wa kwaya yetu. Hiyo ni elimu, shemeji, na niliipata kwa jasho. Sasa nabonyeza mapema na sauti inatoka mapema. Juzi mazoezini nilimaliza ubeti wakati waimbaji wa sauti ya nne, ile nzito ya chini, ndio kwanza wanavuta pumzi ya mstari wa mwisho. Nikakunja mikono nikawasubiri, na wao wakamaliza bila kinanda.

2. Umeniondolea kisingizio. Zamani nikikosea, kwaya nzima iligeuka kuutazama waya kwa huruma. Mwalimu wa kwaya mwenyewe alikuwa akiinuka kwenda kuutikisa. Sasa wananitazama mimi. Mtu mzima hawezi kuishi nyumba moja na kifaa kisicho na kosa.

3. Mwalimu wa kwaya aliniagiza nijifunze kungoja kabla ya kubonyeza. Nimejifunza, ila kungoja kumeenea mwili mzima isipokuwa vidoleni. Nikisalimiwa, nangoja. Nikipewa chai, nangoja mpaka ipoe. Jana dada yako alivaa gauni jipya akaniuliza kama amependeza, nami nikangoja. Sitaki kulieleza zaidi jambo hilo kwa maandishi, ila kwa sasa nalala kwenye kochi la sebuleni, na ni fupi.

4. Jumapili ijayo mwalimu wa kwaya anamwoza binti yake, na sisi ndio tutakaomwingiza bibi harusi ukumbini. Ameniambia mbele ya wote, bila hata kupandisha sauti, kwamba nikitangulia tena kinanda atapewa fundi cherehani, ambaye anajua wimbo mmoja, na mimi nitapanga viti. Shemeji, kutwa nzima nakata vioo vya madirisha, na kioo kikikaa sawasawa hakuna anayekiona. Kwenye kinanda ndiko ninakoonekana. Nikinyang'anywa sijui nitajiita nani.

5. Kwa hiyo naomba uurudishe ule mfuko uliokuwa ukingoja kujaa. Wahenga waliposema haraka haraka haina baraka, hawakusema isipokuwa kwenye USB. Ikishindikana, tafuta waya mrefu, upitie jikoni, uzunguke nyumba ya jirani, urudi kwa kupitia dirishani. Nimeshazungumza na jirani. Sharti lake ni kwamba usiguse kamba yake ya nguo. Ikishindikana hata hivyo, basi waongezee kasi waimbaji. Aliyeweza kuondoa kungoja ndani ya waya hashindwi kuondoa kungoja kwenye koo la sauti ya nne. Na bibi harusi naye umfikirie, maana kwa mwendo wangu wa sasa itabidi aingie ukumbini akikimbia, na bwana harusi awe ameshaanza kujibu maswali.

Nisalimie wote hapo kwenu, kuanzia mama mkwe mpaka kuku wake. Majibu yako nayangojea, kazi ambayo sasa naiweza.

Ni mimi shemeji yako,
Mpiga kinanda (hadi Jumapili)

Nyongeza: Dada yako ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Aliniomba tu nimpigie ule wimbo anaouimba akiosha vyombo. Nikabonyeza, sauti ikatoka palepale chini ya kidole, naye akaimba amesimama mlangoni na taulo la vyombo begani. Tulianza pamoja, tukamaliza pamoja. Haijawahi kutokea, shemeji, na nilifurahi mpaka nikaona haya. Usiku huu narudi chumbani.

Basi usiguse kitu. Waya uache hivyohivyo. Ila ukipata nafasi kabla ya Jumapili, naomba umpitie mwalimu wa kwaya umweleze kwamba waya mpya, wiki za mwanzo, huwa na tabia ya kuwahi wenyewe. Wewe ni fundi, atakuamini.