Vidonge vya Mawazo Kwenye Kapu la Nabii

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Matope mpaka mlangoni. Na mdogo wangu Mawazo ameokoka upya!

Ana tansiyo mwaka wa sita sasa. Damu inampanda mpaka anaona nyota mchana. Daktari alimpa vidonge vya kumeza kila asubuhi, maisha yote. Jana kaenda kwa huyu Nabii Elysée, anayehubiri chini ya turubai la bluu kule karibu na mashamba ya mpunga. Nabii akapitisha kapu. Si la sadaka. La dawa! Kasema kumeza kidonge ni kumwambia Mungu hawezi. Mawazo akatupa humo paketi nzima, akarudi anaimba.

Nimemwambia ni mjinga. Akanijibu, "Yaya, imani yako ndogo." Mi! Dada yake mkubwa niliyemfundisha Baba Yetu akiwa bado anajikojolea!

Shule sikuingia hata siku moja. Herufi nilijifunza kanisani, wajukuu wakiwa tayari wanne, ili nisome Biblia kwa macho yangu, asije mutu akanisomea uongo. Kumbe nilijilinda peke yangu.

Basi vita.

Jumanne, tarehe 4

Nimeenda kwa Mchungaji Melchior. Mutu mzuri, lakini mzito kama gunia lililolowa. Nikamwambia kuna mbwa mwitu hapa mtaani kwetu Buterere, amevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwenye matope haya! Hiyo peke yake si dalili? Akasema ndiyo, mafundisho ya uongo yamezidi, ataanza somo juu yake, Jumapili tatu mfululizo, baada ya Pasaka.

Baada ya Pasaka! Nikamuuliza kama damu ya Mawazo imeambiwa ingoje Pasaka.

Akafungua Biblia. Akanionyesha Luka alikuwa tabibu. Akanionyesha Paulo anamwambia Timoteo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hapo akakohoa, akageuza ukurasa upesi, maana kwetu hatunywi. Kasema nimwendee Mawazo kwa upole, nimweleze neno.

Nimemshukuru. Upole sina. Sufuria ninayo.

Alhamisi, tarehe 6

Nimenunua vidonge vingine. Nikasaga cha leo na cha kesho, nikavikoroga ndani ya sombe, majani ya muhogo. Mawese mengi, ndagala juu. Hata ulimi wa mfalme usingejua. Nikampelekea Mawazo nikitabasamu.

Amefunga! Siku tatu, kwa amri ya Nabii. Na nani kakaa kwenye kiti kizuri? Nabii mwenyewe, kaja na wamama kubariki nyumba. Yeye hafungi. Mawazo akamsogezea sahani yangu yote.

Ningesema nini? Akala. Akalamba vidole. Akaulizia kama imebaki!

Baadaye akasimama kuomba. Miguu ikalegea. Puu, chini! Jasho linamtiririka. Nikasema moyoni, sasa wataona ni mutu tu. Apana! Akanyoosha kidole akiwa palepale sakafuni: nyumba hii imeingiliwa na roho nzito, na imekuja na mwanamke mwenye sufuria. Wamama wakapiga haleluya mpaka bati likatetemeka. Jirani yetu Chanelle akavuta kitenge chake kisiniguse.

Bwana huyo kameza vidonge viwili vya kushusha damu kwa siku moja. Na siwezi kumwambia mutu!

Jumamosi, tarehe 8

Nimemwambia Mawazo mi ndiye mgonjwa, anisindikize dispanseri. Tulipofika nikamkalisha yeye. Muuguzi akampima. Akampima tena. Akaacha utani. Kasema mama huyu asiporudia dawa ataanguka, na akiamka mdomo utakuwa upande. Kama ataamka.

Mawazo akacheka, eti vipimo ni vya dunia hii. Njiani akashika ukuta wa nyumba ya watu. Akasema ni jua. Mvua ilikuwa inanyesha.

Tumboni mwa mama tulitoka saba. Tumebaki sisi wawili.

Nimelia nyuma ya jiko. Nikapenga kamasi. Nimepata mpango.

Jumatano, tarehe 12

Kwetu kila Jumatano wamama tunajifungia kwenye chumba cha maombi. Humo mutu yeyote anaweza kuonyeshwa na Mungu. Ukishasema "nimeonyeshwa", hakuna wa kukubishia. Miaka ishirini nakaa humo, sijaonyeshwa hata kuku.

Leo nimeonyeshwa!

Mawazo alikuwepo, yeye maombi hayakosi, ya kwetu na ya turubai. Nikafumba macho. Nikatetemeka. Goti la kushoto linatetemeka lenyewe siku hizi, kwa hiyo kazi ilikuwa nusu. Nikasema namuona mama mnene, kitenge cha kijani. (Nilichungulia kwanza. Kijani kilikuwa kimoja.) Mbele yake malaika, mkono huu glasi ya maji, mkono huu kitu kidogo, cheupe, cha mviringo. Malaika anasema: fungua mdomo, binti, kila asubuhi, usiruke hata siku moja!

Mawazo akaanguka magoti. Chanelle akalia. Nikalia na mi. Nilikuwa nimeanza kujiamini.

Ijumaa, tarehe 14

Anameza! Jana na leo, nimemuona kwa macho yangu.

Lakini mlango wangu umekuwa kama wa ofisi. Chanelle anataka nione kama mume wake aliyevuka kwenda Kigoma kapata mwanamke huko. Nikamwambia naona ukungu. Akarudi na kuku, nione vizuri zaidi. Nikaona vizuri zaidi.

Kisha Mchungaji Melchior, na mwavuli wake. Akamtazama kuku. Akauliza, "Mama Régis, uliona kweli?" Nikamwambia malaika hajakanusha. Hakucheka. Akasema kati yangu na yule wa turubai tofauti ni viatu.

Hiyo imeniuma! Nikamwambia yule anaua, mi naponya. Akajibu kwamba nimewafundisha watu kumeza neno lolote bila kulipima, na siku mwingine atakapoonyeshwa kinyume, Mawazo atavitupa tena. Kaniamuru Jumapili niseme ukweli mbele ya kanisa lote.

Nikisema, atavitupa. Nisiposema, mi ni nani?

Kuku nimemrudisha. Alikuwa mnono.

Jumapili, tarehe 16

Nimesimama. Nikasema malaika sikumuona. Niliyemuona ni mdogo wangu, anakufa. Nimedanganya, Bwana anisamehe. Ningeishia hapo ningetoka vizuri. Mdomo ukaendelea wenyewe: na Nabii Elysée naye ni mwongo, na alikula sombe yangu ina vidonge viwili ndani, na Mungu hakumpiga radi!

Kanisa likalipuka. Mchungaji akafunika uso kwa Biblia, mabega yanacheza. Sijui alikuwa analia. Adhabu: miezi mitatu benchi la nyuma, mbali na Meza ya Bwana, na nisionyeshwe tena.

Mlangoni Mawazo ananingoja, mikono kiunoni. Nikamwambia haya, nenda ukavitupe. Akasema, "Yaya, ulipomdanganya mama kwamba mbuzi alijifungua kamba mwenyewe, ulitetemeka hivyohivyo. Nilijua palepale Jumatano, hata nilipopiga magoti." Nikamuuliza mbona basi anameza. Akatazama matope. Kasema pale dispanseri aliogopa, ila aliona haya kurudi nyuma. Na mutu anayejidhalilisha mbele ya wamama wote kwa ajili yake, huyo anamsikiliza. Nabii hajawahi hata kumuuliza kichwa kinaumaje.

Nikamwambia ni mjinga. Akasema na we pia. Tumerudi tumeshikana, tusiteleze.

Jumatatu, tarehe 17

Nimetafakari. Mchungaji ana haki. Uongo haufukuzi uongo, unauongezea ndugu. Neno lipimwe, hata likitoka kwangu. Naandika hapa nisisahau.

Adhuhuri kapita Chanelle, anajigonga kwenye nguzo ya mlango wangu. Nabii Elysée kaleta kapu jipya. La miwani! Kuvaa miwani ni kumwambia Mungu aliumba macho vibaya. Chanelle kaitupa ya kwake, na anapika kwa mafuta ya moto na watoto wadogo ndani ya nyumba! Nikamweleza neno kwa upole, nikapitia Luka, nikapitia Timoteo. Akasema yote hayo kayasikia, lakini je, nimeonyeshwa?

Nikamwambia nimekatazwa kuonyeshwa. Na nitatii. Mi si mutu wa kuvunja adhabu ya kanisa.

Kuota hawakukataza.

Kesho asubuhi nitaamka nimemuota malaika. Atakuwa amevaa miwani.